Ubao wa Gatumba

Kazi ya kwanza niliyopata baada ya mpaka kufungwa ilikuwa kuandika kwamba mpaka umefungwa.

Mimi ni mchoraji wa vibao. Nimeandika majina ya saluni, maduka ya dawa, makanisa na gereji kuanzia Kigoma hadi Bukavu, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kukaa mji mmoja hadi rangi ya kazi yangu ikapauka. Korona ilinikuta Bujumbura, kwenye chumba cha kupanga Kinama, nikiwa na baiskeli, redio na makopo sita ya rangi ya mafuta. Mkubwa mmoja wa pale kizuizini Gatumba, njia ya kwenda Uvira, Kongo, aliona kibao nilichowaandikia wauza mbao, akanitafuta.

"Pentre," aliniambia, maana mjini hapa mchoraji wanamwita hivyo, "niandikie kitu mutu anasoma akiwa mbali. Asinikaribie kuniuliza."

Ubao wenyewe ulikuwa wa bati, mrefu kunizidi, umesimamishwa juu ya vyuma viwili. Rangi ya chini nyeupe, herufi nyekundu, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili: MPAKA UMEFUNGWA, WARUDI WOTE. Nilitumia sehemu ya juu tu. Ndivyo nilivyofundishwa: usijaze ubao siku ya kwanza, mwenye kibao atakumbuka jambo lingine kesho.

Aliyenifundisha ni baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira, na wakati wa likizo aliandika vibao. Herufi yake R ilikuwa na mguu mrefu unaopita chini ya herufi inayofuata, kama mtu aliyekaa chini akanyoosha goti. Wateja wangu wengine huwa wanailalamikia. Nimebadili miji, nimebadili vyumba, nimebadili hata namna ya kusalimia watu, lakini R hiyo sijaweza kuibadili.

Ubao ule haukuwa umetimiza mwezi wakati mdogo wangu wa kike alipopiga simu kutoka Uvira kusema baba amefariki. Kifua, alisema. Kama ilikuwa ile korona au kile kifua chake cha siku zote, hakuna aliyepima. Nilipanda baiskeli na nguo nilizokuwa nazo kazini. Barabara ya Gatumba ilikuwa na maji ya mto Rusizi yaliyoingia hadi kwenye nyumba za watu, nikayapita nimebeba baiskeli begani. Askari aliyekuwa zamu alinisimamisha mbele ya ubao.

"Unajua kusoma?"

"Nimefiwa na baba. Ni pale tu, Uvira. Milima ile unayoiona."

"Pole sana. Unajua kusoma?"

"Ubao huo nimeuandika mimi."

Akanitazama, akautazama ubao. "Basi," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa hata maji ya kunywa. Baba alizikwa kesho yake, na mimi nilikuwa Kinama nikisugua brashi.

*

Kwetu mjane havui nguo nyeusi mwenyewe. Siku ya kutosha matanga, yaani kumaliza msiba, mtoto wa kwanza humwagia mama maji mikononi, nje ya mlango. Mama ananawa hadi viwiko, kisha mtoto huyohuyo anamfunika kitenge kipya. Kabla ya hapo mjane haendi sokoni wala hagusi biashara yake. Na mama yangu alikuwa muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, tangu kabla sijazaliwa. Meza yake sokoni ilikuwa ya pili kutoka kwenye lango, na hakuna asiyejua ni ya nani.

Siku arobaini zilipopita, baba mdogo alijitolea kumwaga yale maji badala yangu. Inaruhusiwa, mtoto wa kwanza akiwa mbali. Mama alikataa.

"Mutoto wa kwanza nilizaa moja," alisema kwenye simu, na nilisikia watu wakicheka nyuma yake. "Hajakufa. Iko Bujumbura. Mi nitamungojea."

Mdogo wangu ndiye aliyenieleza kungojea huko kukoje. "Kaka, anakaa mu kiti kama mugeni. Anavaa ileile nyeusi, anafua, anavaa. Ndagala anauza mama mudogo, na we unamujua mama mudogo: anacheka na wateja mpaka wanabeba bure. Sasa kuna mwanamuke wa Kalundu ameanza kuweka nyanya kwa meza ya mama."

"Nyanya?"

"Kwanza ilikuwa kona tu. Sasa ni nusu ya meza. Kaka, utakuya lini?"

Ningejuaje? Nilikuwa najua tu kile nilichoambiwa nikiandike.

Siku zile sikuweza kutulia. Mjini maisha yaliendelea, watu walinawa kwenye ndoo mbele ya maduka, baa zilikuwa na wateja, lakini mimi nilikuwa kama nimefungiwa chumbani. Katika miji mingine miguu ilipoanza kuniwasha nilifunga makopo yangu nikaondoka. Sasa hapakuwa na pa kwenda, basi nikawa nazunguka palepale. Asubuhi naendesha baiskeli hadi Ruziba, natazama wavuvi wakikunja nyavu, narudi bila kununua samaki. Mchana napanda Kiriri naisukuma baiskeli, kwa sababu ukiwa juu kule kwenye nyumba za wakubwa unaona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Mlinzi wa geti moja alinizoea sura, akaniuliza natafuta nini.

"Natazama kwetu."

"Huko? Si ukae huko kwenu ututazame sisi," akasema, akacheka peke yake.

Nilianza kuikumbuka hata miji niliyoitoroka. Mvua ya Bukavu inayoanza kabla hujamaliza chai. Kengele ya stesheni ya Kigoma. Na nyumbani, harufu ya ndagala wakikauka juani mchana, harufu ile niliyowaambia watu kwamba ndiyo iliyonifukuza Uvira nikiwa na miaka kumi na tisa. Haikuwa kweli. Baba alikuwa ameninunulia kiti, kiti changu mwenyewe cha mbao, akakiweka kando ya chake ukutani, akasema mtoto wa kwanza anakaa hapa. Niliondoka wiki ileile.

*

Mkubwa wa kizuizini aliponiita tena alikuwa na karatasi mkononi.

"Tunalegeza," alisema.

"Mnafungua?"

"Apana, Pentre. Kufungua ni kitu ingine. Tunalegeza."

Nilikuwa nimeshatoa msasa ili nifute maandishi ya zamani. Alinishika mkono. "Buretse, ngoja kidogo. Usifute. Kufungwa kunabaki, tunaongezea tu chini."

Basi chini ya MPAKA UMEFUNGWA niliandika: ISIPOKUWA MAGARI YA MIZIGO, NA DEREVA WAKE PEKE YAKE.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo hadi leo nyumbani wananicheka kwalo. Kama mizigo inavuka na watu hawavuki, basi nitavusha mkono wangu kama mzigo. Nilinunua kitenge kizuri, cha bluu na majani ya manjano. Nikaosha jerikani la lita tano, nikalijaza maji mimi mwenyewe kwenye bomba la Kinama, nikafunga kifuniko. Hesabu yangu ilikuwa hii: mdogo wangu atamwaga, lakini maji ni niliyoyateka mimi, na sauti yangu itakuwa kwenye simu. Nilipeleka vyote kwa rafiki yangu mmoja, dereva wa lori la sabuni, ambaye tulisoma naye sekondari Uvira.

Alilinyanyua jerikani, akalitikisa. "Hii ni nini? Pombe ya kanyanga?"

"Maji."

"Maji! Unapeleka maji Uvira? Mama yako anaishi karibu na ziwa mpaka viboko wanamusalimia!"

"Ni ya matanga."

Akaliweka chini ya kiti chake, si nyuma pamoja na sabuni. Pale kizuizini walilifungua, wakalinusa, mmoja akaonja kwa kidole. Wakaliandika kwenye karatasi kama bidhaa, likavuka kwenda kwetu kabla yangu.

Jioni ile nilikaa mlangoni na simu mkononi. Ilipolia, ilikuwa sauti ya mama.

"Jerikani imefika."

"Sawa mama. Sasa toka nje ya mlango, mpe mdogo wangu simu aweke sauti, mimi nitasema—"

"Nilipikia maharagwe."

"Nini?"

"Yale maji yako. Nilipikia maharagwe. Na iligoma kuiva! Maji ya Kinama iko na kichwa ngumu kama we." Nyumba nzima ilikuwa inacheka kule, nilimsikia hata baba mdogo. Kisha mama akasogea mbali nao, nikajua kwa sababu kicheko kilififia. "Kitenge nimeweka. Kitenge inaweza kutangulia. Lakini mikono haitumwi kwa lori, baba. Utakuya nayo."

Mama huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la babake. Nilikaa na simu hata baada ya yeye kukata.

*

Sehemu inayofuata sijawahi kumsimulia mtu aliyekuwa upande wangu wa mto.

Wiki kadhaa baadaye mkubwa aliniita mara ya tatu. Alinisomea karatasi polepole, na mimi niliandika polepole zaidi: ISIPOKUWA ANAYERUDI KWAO, BILA KUVUKA TENA HADI TANGAZO LINGINE. Yaani mwenye kwao ng'ambo aliruhusiwa kwenda, ila akishakwenda amekwenda. Nilipofika kwenye R ya ANAYERUDI brashi ilisimama. Nikauvuta ule mguu mrefu kama kawaida, nikaendelea.

Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. "Pentre, we si ni wa kule?"

"Wa kule, shefu."

"Basi hii ni yako! Ukimaliza kuandika, pita tu. Utakuwa mutu wa kwanza."

"Nina kazi za watu hazijaisha."

"Kazi gani?"

Nilionyesha ubao kwa brashi. Alicheka, akaenda zake. Alidhani ni utani.

Sikuwa na kazi nyingine yoyote. Nilikuwa nayaangalia yale maneno, bila kuvuka tena, na nilichokiona si mama. Nilikiona kile kiti ukutani, kando ya kiti kisicho na mtu sasa, na mlango unaofungwa nyuma yangu bila mimi kujua utafunguliwa lini. Niliiosha brashi mara tatu. Kisha nikakaa kwenye kivuli cha ubao, nikaangalia wengine wakivuka. Mama mmoja alipita na godoro kichwani na sufuria mbili mkononi. Aliposoma mstari wangu alisimama, akanigeukia. "Ni we umeandika, kaka? Mungu akubariki." Niliitikia amina.

Mama aliponipigia nilimwambia bado. Siku ya pili, bado. Mdogo wangu akapokonya simu.

"Kaka, watu wanashuka kwa mupaka wa Kavimvira na magodoro."

"Hao wana vibali maalumu."

"Vibali gani?"

"Vya serikali," nilisema, kwa sauti ileile ya wakubwa wa kizuizini, na nilishangaa jinsi ilivyonitoka bila shida. "Sheria ni ngumu. Hamwezi kuelewa mkiwa huko."

"Sawa, kaka," akasema.

Baada ya hapo kuzunguka kukawa hakunisaidii tena. Nilifika Ruziba nikageuza bila kushuka kwenye baiskeli. Sikupanda Kiriri, kwa sababu ya ile milima. Nilikubali kazi yoyote, hata ile ya kuandika USIKOJOE HAPA kwenye ukuta mrefu wa gereji ya Buyenzi, nikaiandika mara nne ingawa waliomba mara mbili.

*

Mstari wa mwisho ulikuja wakati ubao umejaa. Niliuandika chini kabisa, kwenye ukingo, nimelala kifudifudi kwenye nyasi, kwa herufi ndogo kama za bahasha: ISIPOKUWA MWENYE CHETI CHA KUPIMWA, KWENDA NA KURUDI, MWISHO SAA KUMI NA MBILI JIONI. Mkubwa aliinama kusoma, akashindwa, akapiga magoti.

"Sasa Pentre, mutu anatafuta kwenda Uvira lazima asali kwanza."

Kwenda na kurudi. Kesho yake nilikuwa kwenye foleni ya kupimwa. Walinichokonoa pua hadi machozi yakanitoka, nikasubiri, nikapewa karatasi yenye muhuri ambayo nguvu yake ilikuwa ya siku chache tu. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Gatumba kabla jua halijapata joto. Foleni ilikuwa ndefu; zamu yangu ilipofika jua lilikuwa utosini, na askari alikuwa yuleyule wa siku ya msiba. Alinielekezea kipimo cha joto kwenye paji la uso, akasoma namba, akasoma cheti, akanitazama.

"Leo umejiandikia vizuri," akasema, akainua kamba.

Uvira ilikuwa fupi kuliko nilivyoikumbuka. Nilisukuma baiskeli kuanzia pale njia inapopinda kuelekea kwetu. Mama, niliyempigia simu usiku kumwambia nakuja, alikuwa ameshasimama nje ya mlango. Alikuwa amekonda, na ile nguo nyeusi ilikuwa imefuliwa hadi ikawa ya kijivu mabegani. Beseni lilikuwa chini, na birika la maji juu ya kigoda. Baba mdogo, mama mdogo na mdogo wangu walikuwa wamejipanga ukutani. Hakuna aliyenikumbatia. Sijui kama ilikuwa ile korona au ilikuwa mimi.

"Toa hiyo barakoa," mama alisema. "Nione kama ni we."

Niliitoa. Akaniangalia muda mrefu, kisha akanyoosha mikono juu ya beseni. Nikashika birika. Nilikuwa nimeshaliinamisha aliposema:

"Ule mustari wa wenye kurudi kwao. Uliandika siku gani?"

Maji yalikuwa yamefika mdomoni mwa birika. Niliyarudisha.

Mdogo wangu aliangalia chini. Ndiye aliyenieleza baadaye. Siku ileile niliyoandika, mtu alipiga picha ubao ule kwa simu, picha ikazunguka Uvira nzima kama ushahidi kwamba watu wameruhusiwa. Ilimfikia na yeye. Mama alimwomba aikuze, tena aikuze, hadi herufi moja ikajaa kwenye kioo.

"Nilikaa na mwalimu miaka yote ile," mama alisema. "Ile R nikose kuijua? Nikasema, haya, ameandika mwenyewe, kesho anakuya. Nikanyoosha kitenge. Nikakaa hapa kwa mulango siku tatu."

Siku zile tatu ndizo nilizokuwa namwambia bado. Alikuwa akiniuliza akijua.

"Niliogopa, mama."

"Korona?"

"Apana. Kutorudi."

Baba mdogo alikohoa. Mama hakumgeukia. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka juu ya beseni.

"Mwaga basi," alisema. "Mikono inachoka."

Nilimwaga. Alinawa vidole kimoja kimoja, akapanda hadi kwenye viwiko, na maji yakaenda mengine kwenye beseni na mengine kwenye viatu vyangu. Nilipomfunika kitenge nilikiweka upande, na mdogo wangu akaja kukinyoosha akinisukuma kwa bega, kama zamani tulipokuwa tunagombania nafasi mezani.

Chakula kilikuwa tayari, lakini mama hakuingia ndani. Aliondoka na kile kitenge kipya, mikono bado ina maji, akaelekea sokoni. Sisi wote tukamfuata. Yule mwanamke wa Kalundu alimwona kuanzia langoni. Hakungoja aambiwe, alianza kurudisha nyanya zake kwenye beseni, mbili mbili, akisema, "Karibu mama, nilikuwa nakuchungia tu mahali."

"Ulichunga sana," mama alimjibu. "Mpaka ikaota nyanya."

Soko lilicheka. Mama mdogo akaleta gunia la ndagala, mama akapangusa meza kwa kiganja, akamwaga samaki, akawatandaza kwa namna yake ya kuwarusha kidogo kutoka kwenye vidole. Aliniashiria nikae kwenye kigoda kando yake. Ilikuwa saa nane mchana.

Wateja walikuja. Wengine walimpa pole na pongezi kwa pumzi moja. Mimi nilifukuza nzi kwa kipande cha boksi. Harufu ilikuwa ileile. Saa tisa nilitazama jua. Saa kumi nilihesabu kichwani: kutoka hapa hadi Kavimvira kwa baiskeli, kutoka Kavimvira hadi kwenye ubao wangu. Nilijua saa ya kufunga kuliko mtu yeyote pale sokoni. Mama aliendelea kupima ndagala kwa kikombe, kila kikombe akiongeza kidogo juu, na hakuniuliza wanafunga saa ngapi. Saa kumi na moja sikusimama. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa bado nimekaa na kile kipande cha boksi, na baiskeli yangu ilikuwa imeegeshwa kwenye nguzo ya lango, naiona.

Saa kumi na mbili ilipita mama akiwa anabishana na mteja. Alipomaliza alifunga gunia kwa kamba, bila kunitazama.

"Muguu," alisema.

Ndivyo alivyokuwa akiniambia mezani nilipokuwa mdogo. Nikatazama chini: goti langu lilikuwa linacheza chini ya meza, na sikujua lilianza lini. Nililishika kwa mkono, likatulia. Nilipouondoa mkono nipokee gunia, likaanza tena.